Sauti Penye Nguzo ya Babu

Paukwa!

Pakawa!

Itikeni polepole, wanangu. Hadithi hii inasikilizwa na wengine pia.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya watu waitwao Wandogo, kwenye ardhi nyekundu upande wa mji wa Wau, walikuja wateka watumwa. Watu wakakimbia. Wanyama nao walikuwa na watekaji wao: Fisi na nduguze, na kamba zao. Walitaka watoto tu.

Wanyama wakaacha mtama shambani, wakajificha kichakani. Moto hakuna. Ngoma hakuna. Kimya! Lakini nyuma waliacha nguzo ya babu, ule mti wa uani ambapo wazee waliokufa hutiliwa unga wa mavuno.

Mtoto wa Paa akashikwa na homa. Akatetemeka, tete-tete-tete.

"Babu ana njaa," akasema mzee Ngiri. "Mpelekee unga, mama. Nenda na mtoto akaombewe."

"Kanga alikwenda na vifaranga vyake. Mbona hajarudi?" akauliza Paa.

Ngiri akamsogezea kifuko cha unga.

Paa aliogopa. Nani asingeogopa? Akamwachia Ngiri mtoto, akachukua unga, akaenda. Nya, nya, nya. Mchana kweupe, mji mtupu, hata nzi halii. Akafika uani, akatia unga chini ya nguzo.

Sauti nzito ikatoka nyuma ya ghala. "Mjukuu wangu, unga nimeuona. Mtoto yuko wapi? Mlete nimbariki."

Babu! Paa akataka kulia kwa furaha. Akainama. Chini akaona manyoya ya madoadoa. Manyoya ya Kanga. Na mengine madogo, mengi.

Akajiuliza: Tangu lini babu akadai? Babu hupewa. Babu hula kimya.

"Naam, babu," akasema. "Mtoto anaumwa. Ningoje hapo hapo, nikamlete."

"Nangoja, mjukuu wangu. Nangoja." Nyuma ya ghala mate yakadondoka, to, to, to.

Paa akarudi kinyumenyume hadi kwenye majani marefu. Kisha akatimua mbio, puru-puru-puru!

Aliposimulia, Ngiri akajipiga kifua. "Mimi ndiye niliyemtuma Kanga! Na sasa babu yetu tumemwachia Fisi!"

"Hatujamwacha," akasema Paa. Akavunja tawi, akalisimika liwe nguzo. Unga ulikuwa umekwisha, ila vumbi lake lilibaki kwenye kwato. Akalikung'uta chini ya tawi. "Babu, wajukuu zako tuko hapa."

Wakasikiliza. Hakuna aliyejibu. Ndipo Paa akajua kwamba babu amepokea.

Jioni homa ikashuka. Wakang'oa tawi lao, wakambeba mtoto, wakahamia mbali zaidi. Fisi yuko kule kule uani, anaita: "Mjukuu wangu... mjukuu wangu..."

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: adui anayezijua mila zenu atawangoja penye mila zenu. Mkikimbia, kimbieni na wazee wenu, msije mkarudi nyuma kuwafuata.

Hadithi yangu naikomesha hapa. Nanyi mkisikia sauti inawaita uani, msiitike.