Shamba la Kiboko Ukunguni

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ukungu ulipokuwa ukilala bondeni hadi jua lipande, serikali ya wanyama iliwapa wakulima ruzuku: magunia ya mbegu na mbolea, bila malipo, kila mmoja kwa kadiri ya shamba lake.

Mkaguzi wa mashamba alikuwa Korongo, Bwana Shamba, mwenye miguu mirefu na hofu kubwa ya umande. Alipofika kwa Kiboko aliuliza, "Shamba lako liko wapi, mzee?"

Kiboko akaelekeza mdomo kwenye ukungu. "Lile kule! Hulioni? Mahindi matupu, mpaka macho yachoke!"

Korongo akautazama ule weupe, kisha akayatazama manyoya yake. "Ee, naliona," akasema.

Magunia yote yakashushwa kwa Kiboko. Pu! Pu! Pu!

Kiboko hakuwa na shamba, wanangu, hata tuta moja. Aliyapanga yale magunia yakawa kitanda, akalala juu yake na mkewe, na kila usiku akaota mahindi yakitikisa vishungi. Ndoto hiyo aliisimulia kwa kila mgeni, msimu mzima, hata akasahau kuwa ni ndoto.

Jirani yake, Mama Digidigi, alikuwa na kishamba kilicholimwa kikalimika, lakini hakuwa na punje ya kupanda. Mawingu ya masika yalikwisha kukusanyika. Mvua ikinyesha juu ya matuta matupu, wanawe wangelala na njaa mwaka mzima.

Asubuhi moja akaja mbio, ti-ti-ti-ti, hadi mlangoni kwa Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Tazama chini, baba, ni mimi jirani yako. Natoka kule ukunguni, kwenye shamba lako. Lo! Yamesimama! Yamenipita kimo! Upepo ukipita, shwaa... shwaa..."

Kiboko akafumbua jicho moja, kisha la pili. "Shwaa?"

"Shwaa! Ila nakuonea huruma. Mavuno utayaweka wapi, na nyumba imejaa magunia?"

"Mama watoto!" Kiboko akanguruma. "Amka! Mahindi yetu yameiva!"

Mkewe akapiga miayo. "Mbegu za mahindi hayo, baba, si ndizo hizi tunazozilalia?"

"Nyamaza! Bwana Shamba mwenyewe kaliona shamba, wewe ni nani?"

Akatoka nje, akawaita majirani wote. "Yaondoeni magunia haya! Mkapande, mle, mniachie nafasi!"

"Umetugawia kabisa, baba, au umetuazima?" Mama Digidigi akauliza mbele ya wote.

"Kabisa, kijiti wewe! Mwenye mavuno yake, mbegu za nini?"

Magunia yakaondoka. Kiboko akajitwika matenga, akaingia ukunguni. Akaenda, akaenda, weupe mbele, weupe nyuma. Kisha akasikia: shwaa... shwaa... Akafumba macho kwa furaha, akapanua kinywa, akang'ata.

Matete!

Jua likapanda, ukungu ukafunuka taratibu kama shuka, na bonde likabaki wazi: matete, maji, na Kiboko na matenga yake.

Akarudi akifoka hadi shambani kwa Mama Digidigi, akamkuta anafukia mbegu za mwisho. "Nirudishie mbegu zangu! Kule hakuna..."

Kwenye tuta la mbele alisimama Korongo, amekuja kukagua upanzi.

"Hakuna nini, mzee?" Korongo akauliza.

Kiboko akayatua matenga. "Hakuna... hakuna ndege waharibifu mwaka huu. Pandeni salama, jirani."

"Ahsante, baba," akasema Mama Digidigi. "Msalimie mama."

Mvua ikaanza kunyesha, polepole, juu ya mbegu zilizofukiwa. Kiboko akarudi nyumbani, akalala sakafuni.

Basi, wanangu, mwongo akiuzoea uongo wake, wa mwisho kudanganyika huwa ni yeye mwenyewe.