Mwewe Harudishi Jiwe

Mwewe harudishi jiwe. Ndiyo, hivyo hivyo mlivyomsikia Mama Shebuge akisema mkutanoni leo, mwenyekiti alipodai kuwa mahindi ya chakula cha shule yameliwa na panya. Watu wazima waliguna. Ninyi mkacheka, kwa kuwa mlisikia mwewe tu. Si maneno ya kuchekwa hayo. Kaeni niwaambie methali hii ilivyoanza, maana ilianzia nyumbani kwetu na mpaka leo inaniuma.

Mama yangu, Mwantumu, alikuwa bado mke mgeni. Alipoolewa alikuja na tetea mmoja aliyepewa na mamaye, na tetea yule akaangua vifaranga wengi. Walipokua, mama aliwafungia ndani ya tenga, akalifunika kwa ungo na juu ya ungo akaweka jiwe zito la mafiga. Kila mtu pale alifanya hivyo. Ukitaka kuku, unaondoa jiwe, ukimaliza, unalirudisha. Watoto walifundishwa hayo kabla ya kujua kuchota maji.

Basi kuku wakaanza kupungua. Leo mmoja, keshokutwa mwingine.

Kaka mkubwa wa babu yangu marehemu, Mzee Semboja, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno mazito. Akasema, "Ni mwewe huyo. Na mwewe hali kwa mwanamke aliye macho. Huyu binti analala mchana."

Neno likasambaa. Kisimani wanawake wakamwita mama yangu Mlisha Mwewe. Mtu mzima, mke wa watu, anaitwa hivyo mbele ya watoto! Naye aliamka kabla ya wote na kulala baada ya wote.

Mwisho Mzee Semboja akaita kikao. Alitaka mama arudishwe kwao, kwa kuwa mke mvivu huleta njaa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mumewe, amekaa pale pale, anatazama vidole vya miguu yake. Hasira hiyo sijaimaliza. Mwanamume anamwachaje mkewe asulubiwe kwa ajili ya kuku?

Mama akapiga magoti, lakini sauti haikupiga magoti.

"Baba, naomba kuuliza. Jana kuku amepotea tena. Mwewe alimtoa wapi?"

"Ndani ya tenga. Wapi tena?"

"Na jiwe lililokuwa juu?"

"Alilisukuma. Mwewe ana nguvu."

"Sawa, baba. Mbona tulilikuta juu ya ungo, mahali pake?"

Mzee Semboja akacheka. "Ulilirudisha wewe, ufiche uvivu wako."

Watu wakatikisa vichwa. Mama alikuwa amekwisha, maana neno la mke mgeni halisimami mbele ya neno la mkubwa.

Ndipo bibi yangu, Bi Kidawa, aliposimama. Mkwe huyo hakuwa mtu wa kumtetea mkaza mwana wake. Siku zote alikuwa akimkaripia kwa chumvi na kwa kuni. Lakini dhuluma ilimchefua.

"Shemeji," akasema, "jana nilikuwa na Mwantumu mtoni tangu asubuhi, tunafua. Tumerudi pamoja, ndoo kichwani. Tenga nimelifikia mimi kwanza. Jiwe lilikuwa juu, na kuku hayumo. Watu wengine wote walikuwa shambani. Aliyebaki hapa, akisema mguu unamuuma, ni nani?"

Macho yote yakaenda kwenye kanzu moja.

"Kidawa! Unamwita mkubwa wako mwewe?"

"Sikuiti mwewe, shemeji. Mwewe tumemsingizia siku zote hizi, masikini. Yeye akiiba, anaiba mchana kweupe na kuacha manyoya. Mwewe harudishi jiwe."

Mzee Semboja akatafuta viatu vyake. Mkono wake ulikuwa umefundishwa tangu utotoni: ukiondoa jiwe, lirudishe. Ulilirudisha hata kwenye wizi, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumbua. Mguu nao ulipona palepale, kwa jinsi alivyotoka mbio. Mama alibaki, akanizaa mimi katika nyumba ile ile.

Haya, sasa niambieni ninyi mliochungulia dirishani. Ghala la shule mlilikuta wazi au limefungwa? Limefungwa kwa kufuli. Na magunia matupu? Yamekunjwa, yamepangwa pembeni. Panya wa wapi hao, wanaokunja magunia na kufunga kufuli wakishashiba? Na wanangu mnakuja hapa na matumbo yananguruma!

Mbona sasa hamcheki? Kesho mkutano unaendelea. Nileteeni mkongojo wangu mapema, nikakae mbele kabisa, mwenyekiti anione usoni nikimwambia: mwewe harudishi jiwe.