Anayevuta Kamba Upande wa Pili

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, na wa mlangoni wasikie. Leo sitawachosha kwa maneno mengi. Nina mkulima mmoja tu wa korosho, na mashine yake, na asubuhi tatu. Jina lake silitaji, wala kijiji chake, msije mkaanza kugeuka na kutazamana.

Mkulima huyu alikuwa na mikorosho themanini na mashine moja ya kupulizia, ile ya petroli inayobebwa mgongoni. Nyinyi mnaijua. Maua yakichanua mnaitia salfa, nayo inarusha unga wa manjano mpaka kileleni. Msimu wa salfa ukiisha, mashine ile ile tupu mnaipitisha chini ya miti, inapeperusha majani makavu ili korosho zikidondoka zionekane. Kijiji kizima kiliijua mashine ya mzee huyu kwa jambo moja: ilikuwa ikiwaka kwa kuvuta kamba mara moja. Wenzake wanavuta mpaka bega linauma, wanaitukana mashine na aliyeiunda, yeye anavuta mara moja, vuuu, kazi imeanza. Na kunyamaza alikuwa hajui. "Mashine hii inaujua mkono wangu," ndivyo alivyokuwa akisema kila mahali. Mkewe akimsikia anacheka tu, anaendelea na shughuli zake.

Mwezi wa tatu, katikati ya masika, mkewe akafariki.

Watu walikuja. Niseme haki ya watu, walikuja. Walileta mikeka, kuni, mchele na masufuria. Walisoma, walilia, walipika. Siku ya arobaini wakasoma tena, wakakunja mikeka yao, wakampa mkono mmoja mmoja: "Mzee, tuko pamoja." Wakaondoka. Na mnajua sisi tulivyo. Arobaini ikishapita tunahesabu kwamba na msiba nao umezikwa. Tangu siku ile hakuna aliyekanyaga uani kwake.

Sasa mzee huyu alikuwa na utani wake na marehemu. Kila akirudi shamba alikuwa akipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mkewe anaitikia kutoka jikoni, "Karibu, mgeni, umetuletea nini?" Miaka thelathini wanacheza mchezo huo. Mke amekwenda, lakini mdomo haukupata habari. Mzee anafika mlangoni: "Hodi!" Kisha anasimama pale na jembe begani, anaisikiliza nyumba. Kuku wanamtazama. Anaingia. Jioni anasonga ugali, na kwa kuwa anapima unga kwa macho kama alivyokuwa akimwona mkewe anapima, unatoka ugali wa watu wawili. Asubuhi anakula kiporo. Ndugu zangu, upweke unauma. Sitaupamba kwa neno zuri, unauma, na yule mzee ulikuwa unamuuma kuanzia anapofumbua macho.

Binti yake aliyeolewa Dar es Salaam akampigia simu. "Baba, njoo ukae na sisi. Utaugua huko peke yako."

"Mama yako amelala hapa, mwanangu," mzee akamjibu. "Niache msimu huu mmoja. Korosho nikiziweza peke yangu, nabaki. Zikinishinda, nitakuja mwenyewe, wala hutaniita mara ya pili."

Mnaona alichokiweka rehani? Nyumba yake, na kaburi la mkewe, na kile kipande cha ardhi anachokijua hata akifumba macho. Vyote akavitundika kwenye maua ya msimu mmoja.

Ukafika mwezi wa sita, mikorosho ikachanua. Na ubwiriunga nao ukaja, ule ugonjwa unaoanza kama majivu juu ya ua, hujakaa sawa ua limekuwa jeusi. Dawa ni salfa, na salfa hupigwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maua ili unga ushike. Jua likipanda, umepoteza siku. Wenzake walikuwa wameshapiga salfa duru ya kwanza. Yeye, kwa uzito wa moyo, alikuwa amechelewa tayari.

Basi asubuhi ya kwanza akasali, akaingia stoo, akaitungua mashine ukutani ilikotundikwa tangu msimu uliopita. Akatia petroli aliyoichanganya na oili, akatia salfa, akaiweka juu ya jiwe. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akavuta mara kumi, mara ishirini, akaketi chini akihema.

Kati ya shamba lake na la jirani kuna njia ya miguu tu, upana wa hatua mbili. Kule ng'ambo akasikia jirani yake anavuta kamba, mara tatu, mara nne, vuuu, ikawaka. Kaupepo kadogo kakainua ule unga wa manjano, ukavuka njia, ukamfikia puani. Mzee akasema moyoni, "Kama mimi namsikia, basi na yeye amenisikia. Atakuja."

Hakuja mtu.

Siku ile mzee akaifungua mashine. Alitoa plagi, akaisugua, akaijaribu, cheche inaruka vizuri. Alimwaga petroli akatia nyingine mpya. Alisafisha kabureta kwa pumzi yake mwenyewe, akalifua chujio la hewa, akalianika kwenye kamba ya nguo. Ile kamba ilikuwa ndefu, na chujio lile lilikuwa peke yake juu yake. Akafunga kila kitu, akavuta. Mashine ikakohoa mara moja ikanyamaza.

Asubuhi ya pili, yale yale. Akaifunga kwenye baiskeli akaipeleka kwa fundi sokoni, akakuta mlango umefungwa. Wa duka la pembeni akamwambia fundi yuko vijijini, msimu wa salfa huu, arudi Jumatano. Jumatano! Ubwiriunga unajua Jumatano? Akageuza baiskeli. Njiani akampitia jirani yake amekaa barazani. Na sikilizeni walivyozungumza watu wazima wawili waliokulia kijiji kimoja.

"Salaam alaikum, mzee mwenzangu. Habari za sokoni?"

"Alaikum salaam. Njema."

"Naona jua kali."

"Kali kweli."

"Haya, bwana. Pole na safari."

"Ahsante, tumeshapoa."

Mashine imefungwa nyuma ya baiskeli, salfa imemwagikia tairi, kila mwenye macho anaiona. Mzee alitaka kuomba msaada. Angemwambiaje? Yeye aliyetamba miaka yote kwamba mashine inaujua mkono wake, leo aende akaombe kuwashiwa? Tunasema kuuliza si ujinga, lakini tunalisema vizuri zaidi kumwambia mwingine. Akakanyaga baiskeli akaenda zake.

Asubuhi ya tatu alikagua maua kabla ya kugusa mashine, akakuta majivu. Si mti mmoja. Akavuta kamba kama mtu anayegombana nayo, mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Kisha akaiacha. Akasema kwa sauti, kana kwamba anamwambia marehemu mkewe, na hapakuwa na wa kumsikia, "Mama, imenishinda." Akatoa simu mfukoni, akaanza kulitafuta jina la binti yake.

"Hodi!"

Mzee akashtuka. Ilikuwa miezi hajasikia neno hilo kwa sauti ya mtu mwingine. Alipoitikia "karibu", sauti ilitoka imepasuka.

Alikuwa jirani. Hakukaa, hata kiti hakungoja. Alichutama kwenye mashine, akaokota kipande cha waya, akakiingiza kwenye bomba la moshi, akachokonoa, akavuta. Kikatoka kitambaa kilichosokotwa na kushindiliwa mpaka ndani kabisa, cheusi kwa masizi. Akakikunjua. Katikati kilikuwa bado chekundu, na mzee akaijua ile khanga ya mkewe.

"Hiki nini?"

"Marehemu shemeji alikuwa akiziba hapa kila msimu ukiisha," jirani akasema, "nyigu wasije wakajenga udongo wao humo. Msimu ukianza anakizibua kabla hajakuletea. Mashine ikishindwa kutoa moshi haiwaki, mzee, hata uivute mwaka mzima. Mke wangu naye anaziba ya kwetu. Shemeji ndiye aliyemfundisha."

Mzee akakitazama kile kitambaa. Miaka kumi na miwili, tangu ainunue mashine ile, alidhani ni mkono wake. Akataka kulia, lakini kwanza kulikuwa na swali.

"Na wewe umejuaje kwamba tatizo ndilo hili?"

Jirani akainamisha kichwa. "Mke wangu alikusikia unavuta. Akaniambia palepale, 'Mwenzetu hajui habari ya kitambaa. Nenda kamwambie.'"

"Leo?"

"Juzi. Asubuhi ile ya kwanza."

"Na wewe?"

"Niliona haya. Tangu arobaini sijakanyaga hapa kwako. Nikajiuliza nitaingia na maneno gani. Nikasema, akikwama ataniita."

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe," mzee akasema.

Akakitia kitambaa mfukoni, akaipandisha mashine juu ya jiwe, akavuta kamba. Mara moja. Vuuu. Akaibeba akaingia nayo shambani, ameziba uso kwa ajili ya salfa, na chini ya ile barakoa alilia mpaka mti wa mwisho.

Hapa, ndugu zangu, naona wengine mmeshatabasamu, mmeshaona mfano umeisha. Mnasema, ahaa, sheikh anataka tuwashukuru wake zetu kwa kazi tusizoziona. Washukuruni, na msingoje kesho. Lakini sijamaliza.

Ulipofika wakati wa korosho kudondoka, mzee aliibeba mashine ile ile kwenda kupeperusha majani. Mti wa kwanza, majani yakaruka, chini udongo mtupu. Mti wa pili, udongo. Alikwenda hivyo kutwa nzima, anafunua udongo na kuacha, huku na huku vikorosho vichache vilivyosinyaa. Mpaka alipofika mstari wa mwisho, ule wa mpakani, kando ya njia ya miguu. Majani yaliporuka pale, chini zilikuwa zimetanda korosho, nene, zimejaa. Mzee akazima mashine akasimama. Hakuwa ameupiga salfa mstari ule mapema kuliko mingine. Ni unga wa jirani, ule uliochukuliwa na upepo asubuhi ya kwanza.

Mmenielewa? Upepo ulivuka njia ile asubuhi ya kwanza. Jirani alivuka asubuhi ya tatu.

Jirani alikuja kuomba radhi, akaomba kwa machozi. Mzee akamshika mkono. "Nimekusamehe, wallahi. Lakini ua halijui msamaha." Mstari mmoja haukutosha, na yeye alikuwa ameahidi. Akaenda kwa binti yake. Kabla ya kuondoka alimpelekea jirani ile mashine. "Nimeshaiziba," akamwambia. "Usisahau kukitoa."

Mpaka leo jirani yule akirudi shamba anapita uani pale. Nyumba imefungwa. Wanaomwona wanasema husimama mlangoni akapiga hodi, kisha akaisikiliza nyumba, kama alivyokuwa akifanya mzee mwenyewe.

Sasa nakuja kwetu sisi. Nilipoanza kusimulia, kila mmoja wetu alijiweka upande wa mzee, kwa sababu kila mtu anaujua upweke wake. Haya, njoo tuvuke njia tukae upande wa jirani, maana huko ndiko tunakoishi siku nyingi. Hivi ni kweli hatusikii? Yule anayewahi kutoka msikitini kila siku ili asiulizwe hali, hatumwoni? Yule mama ambaye jiko lake halifuki moshi siku hizi, hatujui ni nyumba gani? Tunajua. Kamba inavutwa alfajiri, tunaihesabu tukiwa kitandani, ya kumi, ya ishirini. Hatukosi huruma, ndugu zangu, huruma tunayo tele. Tunakosa hatua mbili za kuvuka njia.

Tunajitetea kwamba hatujui tutasema nini. Jirani yule alisema nini? Alisema hodi, akaokota waya. Kupiga hodi hakuhitaji hotuba. Tunasema akikwama ataita. Mtu aliyekwama ndiye asiyeweza kuita! Angekuwa na sauti ya kuita asingekuwa amekwama. Sisi ndio tunaosema jifya moja haliinjiki chungu, kisha tunampa mwenzetu mkono siku ya arobaini, "tuko pamoja," tunamwachia jifya lake moja na chungu chake kizima.

Na msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Iko nyumba moja hapa mtaani ninayoipita kila siku nikija kuwasomesha. Nimeshaisikia kamba ya humo asubuhi mbili. Nilikuwa nimepanga kwenda Ijumaa, baada ya swala, nikiwa na nafasi.

Ijumaa ni mbali. Darsa ya leo imeishia hapa, dua tutaomba kila mtu njiani anakokwenda. Viatu vyangu viko mlangoni. Niwieni radhi, mimi natangulia.