Sultani Aliyekwama Darasa la Tatu

Hapo zamani, katika mji wa Pambazi, alitawala Sultani aitwaye Ghalibu bin Nasibu, mtu mwenye akili nyingi na subira haba, na zaidi ya vyote alipenda kutunga kanuni. Wafalme wenziwe wakipenda kuwinda, yeye alipenda kuandika, "Asiyefanya hili asipate lile." Basi alijenga chuo kikubwa chenye madarasa saba, akakitungia kanuni arubaini za jinsi mwanafunzi atakavyopanda kutoka darasa moja hadi jingine. Akazitia katika kitabu chenye jalada jekundu, akamkabidhi karani wake aitwaye Shekue, akamwambia, "Atakayepindisha hata herufi moja atakwenda kisiwani kuhesabu kunguru." Na karani aliyemtangulia Shekue alikuwa huko huko kisiwani, akihesabu.

Nje ya chuo hicho alikaa mjane mmoja, jina lake Bi Sikudhani, akiuza vitumbua. Hakujua alifu wala be, wala hakuwa na mali ila chuma chake cha kupikia vitumbua na binti mmoja, Mboni. Watu walimwona punguani kidogo, kwa kuwa ukimwambia neno alilishika vile vile lilivyo. Mtu akisema, "Niwekee viwili, naja sasa hivi," kisha asije hata kesho yake, basi vile viwili vilibaki chini ya kawa, na mwingine akivitaka aliambiwa, "Hivi vina mwenyewe, naye anakuja sasa hivi."

Mboni alikuwa ameposwa na kijana wa chuoni aitwaye Shaame. Na kanuni ilisema mwanafunzi haoi mpaka aingie darasa la nne. Shaame alikuwa mwepesi wa kufahamu; alipanda madarasa mawili kwa mwaka mmoja, watu wakaanza kuulizana habari za mchele wa harusi. Alipofika darasa la tatu, akasimama. Ukapita mwaka, ikapita miwili, ikawa sita.

Ijumaa moja, maana Ijumaa ndiyo siku wanafunzi waliyoruhusiwa kutoka, Shaame alikuja kuamkia kama ada yake. Mboni akamtengea kahawa, akasema bila kumtazama, "Wenzangu niliocheza nao wana watoto watatu watatu. Mimi nina posa."

Shaame akainamisha kichwa. "Wallahi sikushindwa mtihani, Mboni. Sijapewa mtihani hata mmoja."

Bi Sikudhani aliyasikia hayo, yakamchoma. Asubuhi yake akajifunga kanga, akamwendea karani. Shekue akafungua kitabu chekundu, akamsomea: "Kanuni ya kumi na mbili: asiyehitimu Hesabu asiingie Falaki. Kanuni ya ishirini na tisa: asiyehitimu Falaki asiingie Hesabu. Na asiyehitimu zote mbili asipande darasa la nne."

"Baba Shekue, na hilo wewe huoni lilivyo?"

"Naliona, mama. Na kunguru wa kisiwani nawaona pia."

Chanzo chake kilikuwa hivi. Zamani mnajimu wa Sultani alikosea kuhesabu siku, Idi ikatangazwa kabla ya wakati wake, Sultani akakasirika akaandika kanuni ya kumi na mbili. Ikapita miaka, mtu wa hesabu naye akashindwa kujua mwezi umeandama au haujaandama, Sultani akakasirika tena akaandika ya ishirini na tisa, na ile ya kwanza alikwisha kuisahau. Walimu waliona, lakini nani amfunge paka kengele?

Basi Bi Sikudhani akatoka kwa karani, akaenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti. "Sabalkheri, Maulana. Nimekuja kuishitaki milango miwili."

"Milango imekufanya nini, mama?"

"Mmoja wasema, pita kwanza kwa mwenzangu. Na mwenziwe wasema vivyo hivyo. Mkwe wangu yuko katikati mwaka wa sita huu, na ndevu zamfika kifuani."

Sultani akakunja uso. "Wasema kanuni zangu zina kasoro?"

"Mimi sijui kusoma, Maulana. Hiyo kasoro hata ikiandikwa sitaitambua."

Baraza likacheka, na kicheko kile kikamuudhi Sultani. Akasema, "Sikiliza, muuza vitumbua. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukinifanya niseme kwa kinywa changu, mbele ya watu, kwamba nilikosea, basi mkwe wako ataoa siku ile ile. Usipoweza, chuma chako nitakitupa baharini, wala hutawasha moto tena penye chuo changu."

Watu wakamwonea huruma, kwa kuwa neno hilo Sultani Ghalibu hakupata kulisema maishani mwake. Hata siku aliyoanguka farasini alisema ardhi ndiyo iliyopanda. Naye Bi Sikudhani alikiwazia chuma chake, maana ndicho kilichomlisha tangu afiwe na mumewe. Lakini akamkumbuka Mboni na kahawa yake, akasema:

"Nimekubali, Maulana. Nami naomba jambo moja dogo. Kesho uje uipite njia aliyopita Shaame, toka lango la wanafunzi hadi darasa la saba, ili nami mjinga nione mtu anavyopanda."

Sultani alipendezwa, kwa kuwa tangu chuo kijengwe hakukanyaga ndani yake. Akasema, "Kesho nina wageni wa chakula cha mchana. Kabla hawajanawa mikono nitakuwa nimefika la saba na kurudi. Mtunga kanuni hashindwi na kanuni."

Kulipokucha, ilikuwa Jumapili, akaja na baraza lake lote na nusu ya mji nyuma yao. Langoni Shekue akafungua kitabu, akasoma: "Kanuni ya kwanza: kila aingiaye kwa lango hili, awe mwana wa mchunga mbuzi au wa mfalme, ni mwanafunzi, maadamu yumo ndani ya kuta hizi." Akaandika daftarini: Ghalibu, darasa la kwanza. Sultani akatabasamu, akaingia; Shekue akapitia mlango wa makarani na kitabu chake, watu wakabaki nje.

Darasa la kwanza akaambiwa aandike. Akaandika khati nzuri, akapanda. La pili akaambiwa asome tenzi kwa moyo. Akaghani kwa sauti tamu hata mwalimu akasahau kumkatiza, akapanda. Ikawa jua halijapata ukali, naye yumo katika ukumbi wa tatu, wenye milango miwili inayotazamana. Akaushika wa Falaki.

"Umehitimu Hesabu?" akauliza Shekue.

"Bado."

"Basi hapa huingii."

Akageuka, akaushika wa Hesabu.

"Umehitimu Falaki?"

Sultani akasimama, mkono mmoja hewani, akautazama mlango huu, akautazama na ule. Kisha akasema, "Haidhuru. Narudi kwangu."

"Kanuni ya saba," akasema Shekue. "Aliyeingia darasa hatoki ila kwa kupanda, au ifike Ijumaa."

"Shekue! Mimi ni Sultani!"

Karani akaweka kidole kwenye mstari, akasoma, "Maadamu yumo ndani ya kuta hizi... ni mwanafunzi."

Sultani angeweza kupiga ukelele, askari wakavunja lango. Lakini mji mzima ulikuwa nje, nao wangesema kanuni za Sultani zimemshinda mwenyewe. Basi akaketi mkekani, akaletewa bakuli la maharage kama wanafunzi wengine, na harufu ya pilau yake ikaja na upepo kutoka jumbani. Pembeni yake alikuwa mtu mwenye mvi nyingi.

Sultani akamwuliza, "Mwalimu, wewe wafundisha nini?"

"Mimi si mwalimu, bwana, ni mwanafunzi mwenzako. Naitwa Faki. Niliingia ukumbi huu ndevu zangu zikiwa nyeusi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Aliyelipeleka neno langu jumbani ni yule karani wa kwanza, aliyeko kisiwani."

Sultani akaacha kula. Akawatazama watu wale mmoja mmoja, wengine wameegemea ukuta hata chokaa imeota alama ya migongo yao. Mwishowe akainuka. "Shekue, andika. Kanuni ya ishirini na tisa naifuta."

"Ningependa, wallahi. Lakini kanuni ya arubaini yasema kanuni haifutwi ila na Sultani, naye aseme kwa kinywa chake kwamba alikosea. Na humu ndani hamna Sultani. Muna Ghalibu, wa darasa la tatu."

Sultani akashika kichwa. Hapo ikasikika sauti ya Bi Sikudhani kutoka chini ya dirisha.

"Maulana, mimi sijui kusoma, lakini nimesikia karani akisema 'ndani ya kuta.' Kwani kinywa chako lazima kikae pamoja na miguu? Toa kichwa nje. Kiwiliwili kibaki mwanafunzi, kichwa kiwe Sultani."

Shekue akasoma kanuni ya kwanza mara tatu, akaipeleka karibu na macho, akaiweka mbali. "Hakuna palipokatazwa," akasema.

Basi Sultani Ghalibu akapiga magoti mkekani, akapenyeza kichwa dirishani na kilemba chake, akajikuta ana kwa ana na mji mzima: wazee wa baraza, wachuuzi, watoto mabegani mwa baba zao, na wageni wake waliokuja kumtafuta. Akafungua kinywa, akakifumba. Akafungua tena.

"Mimi, Sultani Ghalibu bin Nasibu," akasema, na neno likatoka kama mwiba wa samaki uliokwama kooni, "nilikosea."

Bi Sikudhani akasema, "Maulana, huku nyuma hawakusikia."

"NILIKOSEA!" akanguruma Sultani, na sauti yake mwenyewe ikamchekesha, akacheka, kilemba kikadondoka, akazidi kucheka, na watu walipoona mwenyewe anacheka nao wakacheka hata wakashikana wasianguke.

Shekue akaikata kanuni ya ishirini na tisa kwa mstari mmoja mnene, akaufungua mlango wa Hesabu. Sultani akarudisha kichwa ndani, akapangusa macho. "Alhamdulillahi. Sasa naweza kwenda kula?"

"Kanuni ya saba, ewe mwanafunzi," akasema Shekue kwa upole. "Sasa waweza kuingia Hesabu. Kutoka, ni mpaka upande."

Sultani akalitazama dirisha. Angeweza kutoa kichwa mara ya pili. Lakini alimwona Mzee Faki amesimama penye mlango ule, ameshika mwimo kwa mkono, hathubutu kuvuka. Faki akajitenga, akasema, "Tangulia, bwana."

"La," akasema Sultani. "Wewe umengoja zaidi."

Wakaingia wote, Faki mbele, Sultani mwisho. Mtihani wa kwanza akashindwa, kwa kuwa mambo ya kugawanya alizoea kuwaachia watu wengine. Faki, aliyekwisha kufaulu, akaketi naye akamwelekeza, na adhuhuri ilipopita akafaulu. Kisha wakaingia Falaki, na ikawa alasiri wote, Shaame miongoni mwao, wamepanda darasa la nne, na wageni walikwisha kula pilau yote.

Sultani akatoka, akatuma mashua kisiwani kumrudisha yule karani wa kwanza, akamwomba radhi. Kisha akamwita Bi Sikudhani. "Mama, umenishinda. Omba utakacho."

"Maulana, sitaki kikubwa. Siku nyingine ukitunga kanuni, ipite kwanza kwa miguu yako, ndipo uiandike."

Sultani akakubali. Akaingia chuoni mwezi mzima, akipita na kurudi, na alipomaliza, zile kanuni arubaini zilikuwa zimebaki kumi na moja. Bi Sikudhani akapewa nyumba ya mawe na ng'ombe wawili wa maziwa.

Na kwa kuwa Sultani alikuwa ameahidi "siku ile ile," basi Jumapili hiyo hiyo Shaame na Mboni walifungishwa ndoa kabla ya magharibi, bwana harusi angali na wino vidoleni. Walipoachwa peke yao mbele ya sinia, Shaame, kwa furaha yake, akaanza kumweleza mkewe jinsi alivyoipata ile hesabu ya mwisho.

Mboni akammegea nyama, akamwekea mbele yake. "Bwana wangu, miaka sita nimesikia habari za darasa. Kula."

Shaame akala. Nami hapo ndipo nilipowaacha, wakila, nikaja zangu kuwasimulia nyinyi.