Kiazi cha Hamsini na Tano

Paukwa!

Pakawa!

Kabla sijafungua kinywa, shikeni masikio muape kwamba neno hili halitoki jikoni hapa. Mmeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, basi nasema.

Hapo zamani za kale, Kanga mjane, Kima na mzee Nungunungu walilima shamba moja la viazi vikuu. Mila yao ilikuwa hii: ghala halifungwi mpaka viazi vigawanyike kwa tatu bila baki. Siku ya kugawana, baki likionekana, mlinzi amekula, naye hapewi fungu.

Mwaka huo mlinzi alikuwa Kanga. Waliweka viazi hamsini na vinne. Lakini kifaranga wake Kitone akashikwa na homa. Akakataa mchwa, akakataa mtama, akakataa hata maji. Kanga akachemsha kiazi kimoja. Kimoja tu, jamani. Kitone akala, akapona, na mama mtu akabaki na hofu moyoni.

Siku ya kugawana ikafika, majirani wamejaa mlangoni. Si mnawajua majirani? Kima, aliyejivunia hesabu kama bwana harusi kanzu yake, akapanga viazi kumi kumi kwenye makapu.

"Kila kapu natoa kimoja," akasema. "Tisa vinavyobaki vinagawanyika vyenyewe, tatu, tatu, tatu. Hivyo sivihangaikii. Nilivyotoa najumlisha na vya nje, basi."

Makapu matano, vitatu nje. "Tano na tatu, nane. Nane kwa tatu, baki viwili. Shemeji, kuna mdomo umepita humu."

Kanga akawatazama wanawe, akaufikiria ukame unaokuja. "Hesabu tena, shemeji," akanong'ona.

Mzee Nungunungu akakohoa. "Nakwenda kuwasha kiko," akasema, akatoka.

Wakavimwaga viazi kando ya ukuta wa matete, wakahesabu tena. Makapu matano, vinne nje.

"Tisa," akasema Kima. "Hakuna baki." Akajikuna kichwa. Kanga alishangaa kuliko yeye, maana alijua alichokitoa. Akanyamaza. Msimcheke, hata wewe ungenyamaza.

"Siridhiki," Kima akasema. "Hesabu si kinyonga."

Wakamwaga, wakahesabu tena. Makapu matano, vitano nje.

"Kumi. Baki kimoja. Shemeji, viazi hivi vinazaa?"

Kanga hakuweza kuvumilia tena. "Nilichukua kimoja," akasema mbele ya wote. "Kitone alikuwa anakufa. Ninyimeni mimi, watoto wapeni."

Kabla Kima hajajibu, Kitone akamvuta mama yake bawa. "Mama, ukuta una mkono."

Wote wakageuka. Katikati ya matete ulichomoza mkono wa mzee Nungunungu, umeshika kiazi chenye udongo mbichi. Akauvuta, haukutoka. Akauvuta tena, haukutoka. Akauvuta mara ya tatu, miiba yake ikazidi kunasa.

"Mzee," akauliza Kima, "ndicho kiko chenyewe?"

"Siku ile nilisikia harufu ya kiazi na kilio cha mtoto," sauti ikajibu toka nje. "Hivi nimechimba nyuma ya nyumba yangu. Kugawanya sijui, bwana. Nilikuwa naongeza mpaka mnyamaze."

Kanga akakipokea kile kiazi, lakini mkono hakuuachia.

Hadithi yangu imekomea hapo, mzee angali amenasa ukutani.