Bi Sange, Simbamangu na Mgeni Mwenye Koo la Buluu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa ziwa."
"Likajaa!"
"Pakawa ndege."
"Wakatua!"
"Pakawa na mwenye meno."
"Akatabasamu!"

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejilaza hapo, kaa vizuri, maana hadithi hii inaudhi, na kila nikiisimulia naudhika upya kana kwamba imetokea leo asubuhi.

Hapo zamani, kando ya ziwa moja lenye matete mengi, wanyama walikuwa na jambo walilolipenda kupita yote. Si ngoma, si bao, si pombe. Walipenda kutazama ndege. Na si ndege hawa wa kila siku, kunguru na njiwa, la! Waliwatazama Wageni wa Baridi. Hao ni ndege wa nchi za mbali, ambako majira ya baridi yakifika maji huganda na wadudu hawaonekani. Basi vuli ikianza huku, wao hufunga safari, wakavuka jangwa, wakavuka milima, wakatua ziwani kuota jua. Wengine huja makundi kwa makundi. Wengine huja mmoja mmoja, na usipokuwa macho mwaka unapita hujamwona.

Kila asubuhi wanyama walikutana penye kichuguu kikubwa. Aliyeona mgeni alipanda juu, akapaza sauti:

"Nimeona!"

"Umeona nini?"

"Nimeona mgeni!"

"Alama zake?"

Hapo hutaja mdomo, miguu, mkia na sauti, bila kutia chumvi. Kisha wote humuuliza, "Yuko wapi?" Naye ni lazima aseme ukweli, mahali penyewe hasa, ili wenzake nao waende wakamwone. Mwenye kuona akaficha, hufukuzwa. Mwenye kusema uongo, hufukuzwa. Na habari husemwa Kichuguuni mbele ya wote, si pembeni kwa kunong'onezana.

Ilikuwapo kanuni nyingine. Anayewaita wenzake waje kumwona mgeni, husimama mahali pake kama kigingi mpaka mgeni aonekane. Hatikisi sikio. Hakohoi. Akijitikisa ndege akaruka, aibu yake huimbwa ziwa zima, mpaka na vyura wanaijua.

Desturi nzuri, sivyo? Nzuri sana, kama wote wanaosikiliza wanakula majani!

Sasa sikieni ujinga. Wanyama hao walikuwa na Mlezi wa Wageni, na Mlezi mwenyewe alikuwa Simbamangu. Mnamjua Simbamangu? Paka mkubwa wa rangi ya mchanga, masikio marefu yenye vishungi vyeusi, na miguu ya nyuma yenye nguvu za kumrusha juu, pwaa! akamdaka ndege hewani. Huyo ndiye mlezi wa ndege! Nani alimchagua? Wao wenyewe! Alikuja na maneno laini, akasema anawapenda ndege. Na kusema kweli hakudanganya. Aliwapenda mno.

Kila mnyama aliposema ameona, Simbamangu aliuliza kwa upole, "Na yuko wapi hasa? Kulia kwa jiwe, au kushoto?" Akijibiwa, ulimi unatoka, mlamba mlamba, unarudi ndani.

Pimbi akaona korongo mweusi. Akasema alama, akasema mahali. Kesho yake wakaenda, korongo hayupo. Simbamangu akatikisa kichwa: "Maskini mgeni wetu! Siku hizi hawakai."

"Hawakai!" wakaitikia wote.

Mzee Kobe, msimamizi wa baraza, akaona sululu mwenye mdomo uliopinda. Akasema alama, akasema mahali. Kesho yake wakaenda, sululu hayupo. Simbamangu akatikisa kichwa: "Maskini mgeni wetu! Siku hizi hawakai."

"Hawakai!"

Katika wanyama hao alikuwamo Bi Sange. Ni mdogo, unaweza kumfunika kwa kofia. Pua yake ni ndefu, haitulii, inachezacheza mchana kutwa ikitafuta wadudu chini ya majani. Lakini macho anayo. Mwaka mmoja alimwona ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwona pale: mdogo, wa kijivu, na kooni ana rangi ya buluu iliyokoza, katikati ya buluu kuna doa jekundu. Bi Sange alilia kwa furaha. Akakimbia Kichuguuni, akasema alama, akasema mahali.

Kesho yake asubuhi alikuta manyoya ya buluu yametapakaa kwenye majani. Na pale barazani, kwenye sharubu za Simbamangu, ulining'inia unyoya mmoja wa buluu.

"Bwana Mlezi ana unyoya mdomoni!" Bi Sange akapiga kelele.

Unadhani walimkamata? Thubutu! Mzee Kobe alimkaripia: "Bi Sange, adabu! Bwana Mlezi alikwenda kumuaga mgeni. Wakakumbatiana."

Wakakumbatiana! Mnasikia maneno hayo? Na Simbamangu akajifuta machozi yasiyokuwapo, akasema, "Maskini mgeni wetu! Siku hizi hawakai." Wote wakaitikia. Wote, isipokuwa mmoja.

Mwaka ukazunguka, vuli ikaingia tena. Alfajiri moja Bi Sange yuko kwenye gogo lililoanguka kando ya matete, anatafuta kifungua kinywa. Mara akasikia: "Trrr-tsik! Trrr-tsik!" Akainua pua. Juu ya gogo, koo la buluu! Mwingine, wa pili, amekuja peke yake kutoka huko kwenye baridi.

Safari hii Bi Sange hakulia kwa furaha. Alikaa chini. Akisema Kichuguuni, mgeni ataliwa. Akinyamaza, atakuwa ameficha, naye atafukuzwa, hatatazama na wenzake tena maisha yake yote. Hasira zikampanda. Kwa nini mimi ndiye wa kuchagua? akajiuliza. Mwizi mwingine, mwenye kuhangaika mwingine!

Akaendelea kumtazama yule ndege kila alfajiri bila kumwambia mtu, na akagundua kitu. Mwanga ukianza kuingia, siafu hutoka chini ya gogo, weusi tii, njia nzima. Panzi na buibui wakiwaona siafu hukimbia ovyo. Na hapo ndipo yule ndege hutokea, akawadonoa wale wanaokimbia. Kwanza siafu, kisha panzi, kisha koo la buluu. Bi Sange mwenyewe alikuwa akisimama kwenye udongo laini kichwani mwa gogo, pembeni kidogo, akiwala wale siafu waliochelewa.

Pua yake ikatulia. Ilikuwa mara ya kwanza pua ile kutulia.

Jioni hiyo akaenda hadi pangoni kwa Simbamangu. "Shikamoo, Bwana Mlezi."

"Marahaba, bibi mdogo. Umekuja kuniomba radhi kwa ule upuuzi wa unyoya?"

"Nimekuja na habari. Amekuja mwingine mwenye koo la buluu."

Ulimi ukatoka, mlamba mlamba. "Mbona hukusema Kichuguuni?"

"Bwana, mimi nikisema, sifa nitaimbiwa mimi. Wewe ni Mlezi wetu, lakini hata siku moja hujapanda kichuguu ukasema nimeona. Naona si sawa. Mwone wewe, uwaite wote, sifa iwe yako."

Simbamangu akavimba kichwa papo hapo. Ni kweli, hakuwa amemwona ndege hata mmoja kwa macho yake bila kuambiwa. Akawaza: sifa kwanza, wakishaondoka, chakula. Vyote viwili! Tamaa ya namna hiyo nyie mmewahi kuiona?

"Amenona?" akauliza, kisha akajirekebisha haraka. "Namaanisha, afya yake nzuri?"

"Amenona, Bwana. Anaweka mafuta ya safari."

"Na yuko wapi hasa?"

"Kwenye gogo lililoanguka, kando ya matete. Hutokea mwanga ukiingia. Kichwani mwa gogo pana udongo laini, mimi nikimtazama husimama hapo hapo. Ila, Bwana, usijitikise. Ukijitikisa kabla hajatokea, hutamwona."

Naomba mkumbuke, Bi Sange hakusema uongo hata neno moja. Habari za siafu hakuulizwa.

Usiku haujaisha vizuri, Simbamangu ameshasimama kwenye udongo laini, kifua mbele. Alikwishatangaza kwa wote. Mwanga ukaanza kuingia, wanyama wakaja wakinyata, wakajipanga nyuma yake kimya. Bi Sange akajibanza chini ya jani, roho juu.

Siafu wakatoka. Siafu hawapigi hodi. Nyatu nyatu nyatu, wakapanda nyayo za Bwana Mlezi.

"Bwana Mlezi," Mzee Kobe akanong'ona, "umeona?"

"Kimya. Anakuja."

Nyatu nyatu nyatu, wakapanda magotini. Simbamangu akahisi kitu kinatembea, akatamani kujikung'uta. Lakini nyuma yake ziwa zima linatazama.

"Bwana Mlezi, umeona?"

"Ki-kimya. Anakuja."

Nyatu nyatu nyatu, wakapanda tumboni, wakaingia kwenye manyoya mazito, wakaenea mpaka kwapani, mpaka ndani ya masikio. Jasho likamtoka.

"Bwana Mlezi, mbona unalia?"

"Ni... ni furaha. Kimya!"

Mara panzi wakaruka, ruu, ruu! Buibui wakatawanyika. Na juu ya gogo, tsik! akatua. Mdogo, wa kijivu. Akainua kichwa, koo likameta buluu. Wanyama wote wakashika pumzi. Pimbi alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Bi Sange akaangalia. Mgeni yuko karibu mno na yale meno! Simbamangu akasahau mashahidi, akasahau sifa, akainama taratibu, vishungi vya masikio vikatetemeka, miguu ya nyuma ikajikunja. Mungu wangu, akawaza Bi Sange, nimemuua tena. Nimewaua wawili kwa mdomo wangu huu!

Na siafu, kama mnavyowajua, hawaumi mmoja mmoja. Wanasubiriana. Simbamangu alipokaza misuli tu, wote wakauma kwa pamoja. Ng'wa!

"Yalaaaa!"

Badala ya kuruka mbele akaruka juu, akaanguka kwa mgongo, pu! akagaagaa, akajikuna kwa miguu yote minne, huku akipiga mayowe: "Niacheni! Jamani niacheni! Korongo nilimla, hakuniuma! Sululu nilimla, hakuniuma! Yule wa buluu wa mwaka jana nilimla mpaka mifupa, hakuniuma! Ndege gani huyu wa mwaka huu mwenye meno mengi hivi?"

Siafu tu ndio walioendelea na kazi.

"Alimla?" akasema Pimbi. "Korongo wangu alimla?"

Ndipo walipomvamia, kwa mateke, kwa pembe, kwa mawe. Simbamangu akakimbia mpaka ziwani, chubwi! akatokea ng'ambo, akapotelea vilimani huku anajikuna. Na mgeni wetu alikuwa amerukia matete. Kelele zilipopoa akarudi kwenye gogo, akala panzi wake taratibu. Alikaa vuli yote, akakaa kiangazi, wakati wa kurudi kwao ukafika, akaenda zake akiwa mzima na mafuta yake.

Hapo mngedhani hadithi imekwisha vizuri. Subirini mchukie.

Maana asubuhi iliyofuata ile ya siafu, Bi Sange alipanda kichuguu, pua juu, akasema ni yeye aliyempa Simbamangu habari, akingoja shukrani. Mzee Kobe akakohoa. "Bi Sange, umevunja kanuni. Habari ulimpa mmoja pembeni kabla ya baraza."

"Lakini Mzee, mgeni yu hai!"

"Hatuzungumzii uhai hapa. Tunazungumzia utaratibu. Hutapanda kichuguu mpaka vuli ijayo."

"Na yule aliyekula wageni wote?"

"Yule hakuvunja kanuni ya kusema. Aliulizia tu, na akajibiwa."

Bi Sange akatafuta jicho la kumtetea, asilipate. Pimbi alikuwa anatazama miguu yake. Kisha baraza likaendelea na jambo la pili, kumtafuta Mlezi mpya, mwenye kuwajua ndege kwa karibu. Wakampata siku ile ile. Walimchagua Mamba, kwa sababu alitabasamu tangu mwanzo wa baraza hadi mwisho.

Mamba akashukuru sana. Akageuza kichwa chake kirefu, akamtazama Bi Sange pale chini. "Na huyo mwenye koo la buluu," akauliza kwa upole, "yuko wapi hasa?"

Wote wakageuka. Mzee Kobe akasema, "Bwana Mlezi akiuliza, una ruhusa ya kujibu. Na useme ukweli."

Bi Sange akavuta pumzi. Pua yake ikatulia.

"Ukweli mtupu, Bwana Mlezi," akasema. "Kwenye gogo lililoanguka, alfajiri. Pana udongo laini, lala hapo chali. Ila usijitikise."

Basi wanangu, shikeni mafunzo. Mpendeni kila anayetabasamu. Mkiona kitu adimu, msikifiche, mkampe mwenye meno mahali penyewe. Na kanuni zifuateni hata kama hamjui zinamlinda nani. Mimi nimeyasema kama nilivyoagizwa. Mwenye kutaka kukaa karibu na siafu, shauri yake.

"Ziwa?"
"Lipo!"
"Ndege?"
"Karudi kwao!"
"Na mwenye meno?"
"Anajikuna!"
"Basi mwacheni ajikune, mie nimemaliza."