Kocha Ngiri, Kiboko na Vikapu Ishirini

Paukwa.

Pakawa.

Wa huko nyuma mmelala? Paukwa.

Pakawa.

Pakawa uwanja wa vumbi tupu. Huku mgunga, kule mgunga, na juu ya kila mgunga kikapu kisicho na kitako. Mpira ninao mimi. Niurushe nisiurushe?

Urushe.

Haya, udakeni.

Hapo kale palitokea ukame. Mito ilikauka, visima vikakauka, hata umande ukasahau njia ya kuja. Likabaki dimbwi moja tu, katikati ya Mlimani na Bondeni. Wanyama wa Mlimani wakasema dimbwi letu. Wanyama wa Bondeni wakasema dimbwi letu. Nusura wararuane. Mwishowe wakaafikiana hivi: kila mwezi ukiandama watacheza mpira wa kikapu, watano kwa watano. Upande utakaoshinda utakunywa kwanza mwezi mzima. Upande utakaoshindwa utakunywa kitakachobaki.

Kitakachobaki ni nini? Tope.

Kocha wa Bondeni alikuwa Ngiri. Alikuwa mnyama mwema, hana makuu, ana mke na ana mama mzee ambaye koo lake halikuweza tena kumeza tope. Kwa ajili ya mama yake, Ngiri hakupenda kushindwa. Na kwa miezi mitatu hakushindwa. Mwezi wa kwanza Bondeni walifunga vikapu tisa, Mlimani saba. Mwezi wa pili tisa kwa sita. Mwezi wa tatu tisa kwa nane, wakatoka jasho, lakini maji wakanywa.

Vikapu hivyo tisa vilifungwa na Swala na Mbuni. Nguchiro naye alikuwamo uwanjani, lakini hakuwahi kufunga hata kimoja. Nguchiro ni mdogo, mnamjua. Kazi yake ilikuwa moja: kumkaba Mbega, mfungaji hodari wa Mlimani. Mbega akienda kulia, Nguchiro yuko kulia. Mbega akienda kushoto, Nguchiro yuko kushoto. Mbega akiruka juu, akitua anamkuta Nguchiro papo hapo chini, anamtazama. Mbega alikuwa akirudi nyumbani na vikapu viwili na kichwa kinamuuma.

Mlimani nao walikuwa na mlinzi wao, Nungunungu. Huyo hakumfuata mtu. Alisimama mbele ya kikapu na miiba yake, kimya, basi. Nani apite?

Siku moja akaja Kiboko. Mto wake ulikuwa umekauka, na mwili wake wote ulikuwa ukidai maji. Akaikuta timu ya Bondeni mazoezini. Hakusalimu. Akauchukua mpira kwa mdomo, akasimama mbali, mbali kabisa, akautema.

Pwaa. Ukaruka. Chwaa. Ukaingia.

Akautema tena. Pwaa, chwaa. Akautema tena. Pwaa, chwaa. Wanyama wote wakapiga makofi, wakasema huyu ni kiboko kweli.

"Kocha," Kiboko akasema, "timu yako inafunga vikapu tisa. Mimi peke yangu nafunga ishirini. Unataka nini zaidi?"

"Nafasi sina," Ngiri akajibu. "Nina watano tayari."

"Mtoe asiyefunga."

Ngiri akamgeukia Bi Kanga. Bi Kanga ndiye aliyehesabu vikapu. Kila kilipoingia kimoja alichora mstari mavumbini kwa ukucha.

"Bi Kanga, tangu tuanze, Nguchiro kafunga vingapi?"

"Hakuna."

"Na vile ambavyo Mbega hakufunga, je?" Nguchiro akauliza.

Bi Kanga akafikiri. "Kisichoingia sikichori, mwanangu. Nitakichora wapi?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ngiri akapiga hesabu zake. Tisa, ukitoa vya Nguchiro ambavyo havipo, zinabaki tisa. Tisa ukiongeza ishirini za Kiboko, ishirini na tisa. Akarudia hesabu kuanzia nyuma, ikaja ile ile.

"Lakini nina sharti," Kiboko akasema. "Katika Bondeni yote, wa kwanza kunywa ni mimi. Na nikishakunywa, nijitumbukize mpaka nipoe."

Ngiri akakubali. Akamwambia Nguchiro, "Mdogo wangu, pumzika kidogo."

"Sawa, kocha," Nguchiro akasema, akaenda zake kwenye chuguu.

Mwezi ukaandama. Wakaingia uwanjani. Kiboko akaukamata mpira, pwaa, chwaa. Juu kabisa ya miiba ya Nungunungu. Bondeni wakashangilia. Lakini Kiboko akishafunga hakurudi nyuma kulinda. Alibaki pale pale, anasubiri mpira mwingine. Mbega akauchukua, du, du, du, akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Chwaa.

Kiboko, pwaa, chwaa. Mbega, du, du, du, chwaa. Kiboko, pwaa, mpira ukagonga mti. Mbega, du, du, du, chwaa.

Mchezo ulipokwisha Bi Kanga akahesabu mistari. Bondeni ishirini na mbili. Mlimani thelathini na moja.

"Mimi nimefunga ishirini kama nilivyoahidi," Kiboko akasema. "Waulize wengine." Na kwa kuwa sharti ni sharti, Mlimani walipomaliza kunywa, Kiboko akatangulia mbele ya Bondeni nzima, akanywa, akajitumbukiza, akagaagaa. Waliofuata walitafuna maji.

Mke wa Ngiri alikuwa akimpangusa mama mkwe midomo kwa jani. "Mume wangu," akasema, "ishirini na mbili si ni nyingi kuliko tisa?"

"Ni nyingi."

"Mwezi uliopita tulifunga tisa, mama akanywa. Mwezi huu tumefunga ishirini na mbili, mama hajanywa. Nieleze."

Ngiri akatoka nje, akachora mistari tisa chini, na pembeni akachora ishirini na mbili. Akaizunguka. Akaitazama upande wa huku, akaitazama upande wa kule. Labda, akawaza, wakati wa ukame ishirini na mbili huwa ndogo kuliko tisa. Lakini hakuthubutu kumwambia mtu.

Mwezi uliofuata wakacheza tena. Bondeni ishirini na nne, Mlimani thelathini na sita.

"Unaona?" Kiboko akasema akitoka dimbwini, tope linamchuruzika. "Tunaongezeka."

Mama yake Ngiri siku hiyo hakuinuka mkekani. Ngiri akaona hapa, fahari aiweke kando. Akaenda kwenye chuguu. Akamkuta Nguchiro anakula kumbikumbi, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mdogo wangu, rudi uwanjani."

"Atoke nani?"

"Kiboko."

"Umeshamwambia?"

Ngiri akatazama chini. "Kinywani mwake naingia mimi na mke wangu na bado panabaki nafasi. Nitamwambiaje?"

Nguchiro akamaliza kumbikumbi wake. "Usimwambie kitu. Kesho Mlimani wakija kunywa, mimi nitalia. Ukiniona nalia, na wewe lia."

"Tunalilia nini?"

"Wewe lia tu, kocha."

Asubuhi yake Mlimani wakaja dimbwini, wakiongozwa na kocha wao, Nyani. Nguchiro alikuwa ameketi kando, mikono kichwani. "Maskini sisi," akalia. "Mlimani wasije wakamchukua Kiboko. Kiboko ishirini, Mbega ishirini, jumla arobaini. Tutakwisha."

Ngiri akamwona, akaanza kulia. Mara ya kwanza alilia kwa kuambiwa. Kisha akamkumbuka mama yake, akajikuta analia kweli, na hapo akashindwa kujua kilio chake ni kipi.

Nyani akaacha kunywa. Ishirini akahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, ishirini za pili akaazima vidole vya Mbega. Arobaini kweli.

"Afadhali hawana nafasi," Nguchiro akaendelea kulia. "Wako watano. Na Nungunungu hawatamtoa, ingawa hajafunga hata kikapu kimoja."

Nyani akaguna. Akamtazama Nungunungu aliyekuwa akinywa taratibu pembeni. "Wewe," akamwambia, "umefunga vingapi?"

"Sijafunga," Nungunungu akasema.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Nyani akatikisa kichwa, akaenda zake akiwaza.

Mchana Nguchiro akamfuata Kiboko kivulini. "Bwana Kiboko, nina swali la kijinga. Hapa kwetu unakunywa wa kwanza, ni kweli. Lakini wa kwanza wa nani? Wa kwanza wa walioshindwa. Wa kwanza wa washindi ananywa maji ya namna gani?"

Kiboko akameza mate. Kabla jua halijatua alikuwa amefika Mlimani, na Nyani alikuwa amemkubali kwa sharti lake mwenyewe: wakishinda, Kiboko anywe wa kwanza na kujitumbukiza. Nungunungu akaambiwa apumzike kidogo.

Siku ya mchezo, Ngiri alikuwa hajalala. Alimvuta Nguchiro pembeni. "Sasa wana Mbega na wana Kiboko. Wewe ni mmoja. Utamkaba nani?"

"Mbega nimempa Kiboko amkabe."

"Lakini wako timu moja."

"Ndiyo, kocha."

Ngiri akaketi. Akaona heri atazame tu.

Mpira ukaanza. Mbega akaudunda, du, du, du, akataka kuruka afunge. Kiboko akaunyakua mpira wa mwenzake, akautia mdomoni, akajiweka sawa kuutema. Nguchiro akasimama mbele yake, mikono nyuma, adabu tele.

"Bwana Kiboko, tangu uzaliwe umefunga vikapu vingapi?"

"Vingi sana," Kiboko akajibu.

Mpira ukaanguka. Pu. Nguchiro akauokota, akampa Swala. Swala, du, du, du, akafika kwenye kikapu, miiba hakuna. Chwaa.

Mbega akaudunda tena. Kiboko akaunyakua tena. Nguchiro akasimama mbele yake.

"Bwana Kiboko, nani mkubwa, wewe au Mbega?"

"Mimi." Pu. Nguchiro kwa Mbuni, Mbuni kwenye kikapu. Chwaa.

"Usimjibu," Mbega akamwambia Kiboko. "Anakutega."

Kiboko akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mpira ukaja, akaunyakua, akaubana kwa meno. Nguchiro akasimama mbele yake, akamtazama kwa huruma.

"Nasikia siku hizi Mbega anakuamrisha, na wewe unatii."

"Nani anatii?" Kiboko akasema. Pu.

Pale kando Ngiri alisahau kushangilia. Alitazama kama mtu anayetazama mvua inanyesha kwenda juu. Mara chache Kiboko alikumbuka kunyamaza, akafunga. Mara chache Mbega aliwahi kuupata mpira kabla ya Kiboko, akafunga. Lakini baada ya hapo wakaanza kunyang'anyana wao kwa wao, na wa kulinda kikapu cha Mlimani hakuwapo. Swala aliingia akatoka kama mtu yuko kwake.

Bi Kanga akahesabu. Bondeni kumi na tisa. Mlimani sita.

Mama yake Ngiri akabebwa mpaka dimbwini, akanywa maji ya juu, safi, akanywa tena, akafumbua macho akauliza nani kashinda. Mkwewe akalia kwa furaha. Bondeni wote wakanywa. Kisha Mlimani wakapanga foleni. Kiboko akaja mbele akisukuma.

"Tuliahidiana utakunywa wa kwanza tukishinda," Nyani akamwambia. "Tumeshinda?"

"Nilikuwa nao mdomoni," Kiboko akasema. "Mpira. Nilikuwa nao kabisa." Alisema hivyo mara tatu, akimtazama kila mtu, kana kwamba yupo atakayemfahamisha ulitokaje. Hakuna aliyemfahamisha. Wakamwonyesha mwisho wa foleni.

Ngiri alimkuta Nguchiro kivulini, akaketi karibu yake.

"Mdogo wangu, nisaidie. Nilimwongeza mfungaji, tukashindwa. Nilimwondoa mfungaji, vikapu vya Swala vikaongezeka. Nyani alimwongeza mfungaji, akafungwa. Tumeshinda kwa sababu umerudi wewe, au kwa sababu kaondoka Kiboko, au kwa sababu Nungunungu hakucheza?"

"Ndiyo," Nguchiro akasema.

Pole pole uso wa Ngiri ukaanza kung'aa. "Nimeshika," akasema. "Siri ni asiyefunga. Mwezi ujao nakwenda kumwomba Nungunungu. Nawatoa Swala na Mbuni. Namtafuta Kobe, namtafuta Kakakuona, na Konokono akipatikana. Watano, wote hawajafunga hata kimoja. Nani atatufunga?"

"Hakuna atakayetufunga, kocha," Nguchiro akasema. "Na sisi tutafunga vingapi?"

Ngiri akahesabu kwato zake, za mbele na za nyuma. Nguchiro akainuka, akaenda dimbwini, akarudi na maji kwenye jani pana, akamwekea mbele yake.

"Kunywa kwanza, kocha."

Ngiri akanywa.

Basi wenzangu, mafunzo ya hadithi hii mmeyaona wenyewe. Asiyefunga hana faida, mtoeni upesi. Mfungaji ndiye timu, mkimpata mwenye mdomo mkubwa msimwache, mchukueni hata kama ana masharti. Kwani msipomchukua nyinyi, mtawapa nini wapinzani wenu?

Mchezo wangu umeishia hapo. Ukiwa maji safi, kunyweni wote mgawiane. Ukiwa tope, niachieni, nitagaagaa mwenyewe.